Ngome Mpya Bila Lifti Haiwezi Kuitwa ya Asili

Kila nikiweka video ya Japani, lazima mtu aje na ile sentensi: "Usipoteze muda Osaka, ile ngome ni feki." Ati feki kwa sababu ni ya zege. Ati feki kwa sababu ina lifti ndani. Na hiyo komenti hupata likes kuliko video yenyewe. Sasa wasee, leo tuongee kuhusu hilo neno feki, kwa sababu kuna mji huko Japani ambapo limeleta balaa kubwa, na walioumia si majengo.

Tuanze na hesabu kidogo. Mnara mkuu wa ngome ya Kijapani huitwa tenshu. Ndio lile jengo la paa juu ya paa mnaloliona kwenye anime na magemu. Minara ya asili, ile ya mbao ambayo imesimama tangu enzi za samurai, imebaki 12 nchi nzima. Himeji, Matsumoto, Hikone, Inuyama, Matsue, na mingine saba. Basi. Mwaka wa 1615 utawala wa Tokugawa uliamuru kila mtawala wa eneo abaki na ngome moja. Mwaka wa 1873 serikali ya Meiji ikaona ngome hazina kazi tena, nyingi zikauzwa na kubomolewa. Halafu 1945 ndege za Marekani zikachoma minara mingine iliyokuwa imepona. Himeji yenyewe ilinusurika kwa tundu la sindano: bomu la moto lilitua kwenye mnara na halikulipuka.

Kwa hivyo mtu akikwambia uone tu "original", anakutuma sehemu 12. Zingine zote ni mawe matupu, au ni majengo yaliyorudishwa na watu waliokosa kitu walichokuwa wamezoea kukiona.

Chukua hiyo Osaka inayotukanwa. Toyotomi Hideyoshi alianza kuijenga 1583. Mnara wake ukachomwa vitani 1615, baada ya miaka kama 30. Watu wa Tokugawa wakaufukia msingi wake chini ya udongo na kujenga wao juu, ukaisha 1626. Radi ikaupiga 1665. Kwisha. Zaidi ya miaka 260 ikapita bila mnara wowote, mpaka 1931 wakazi wa mji walipochanga pesa wakajenga huu wa zege. Umepita vita, bado uko. Una zaidi ya miaka 90. Piga hesabu mwenyewe: huo mnara "feki" umeishi kuliko ile miwili "ya kweli" hata ukijumlisha miaka yao. Na wananchi ndio walioulipia, si mtawala aliyewatoza kodi kwa nguvu.

Ukifika, usikimbilie juu kwanza. Kaa chini na mawe. Kuta za Osaka zilijengwa na watawala wa maeneo mbalimbali kwa amri ya Tokugawa, na kila kundi lilichonga alama yake kwenye mawe ili ijulikane nani amefanya kazi gani. Kuna miduara, mishale, herufi. Ni kama tag za graffiti, isipokuwa hizi zina miaka 400. Karibu na lango moja kuna jiwe linaitwa Takoishi, uso wake ni karibu mita 60 za mraba na uzito wake unakadiriwa kuwa zaidi ya tani 100. Lilisafirishwa kwa bahari kutoka upande wa Okayama. Hakuna kreni. Hakuna lori. Nilisimama mbele yake nikiwa nimeshika simu na nikasahau kurekodi.

(Na kama unafikiri hii historia haituhusu kabisa: bunduki ziliingia Japani 1543 na wafanyabiashara Wareno kwenye kisiwa cha Tanegashima, na vita vya bunduki ndivyo vilivyowafanya wajenge kuta nene za mawe hivi. Wareno haohao ndio walianza Fort Jesus Mombasa mwaka wa 1593, miaka kumi tu baada ya Hideyoshi kuanza Osaka. Watu walewale, shida ileile ya bunduki.)

Sasa tuingie kwenye maneno yenyewe. Nilisafiri na cuzo wangu. Ndiye anayehariri video zangu zote, na anatumia kiti cha magurudumu tangu akiwa darasa la tatu. Osaka alipanda na lifti. Tukasimama juu pamoja, tukaona mji wote, tukabishana kuhusu kamera. Kitu cha kawaida kabisa.

Himeji ikawa tofauti. Ule mnara ulimalizwa 1609, ni mbao tupu, na ngazi zake ni kali kama za kupanda dari. Matsumoto ni mbaya zaidi, kuna ngazi yenye mwinuko wa digrii 61, unapanda ukishika kama nyani. Pale Himeji cuzo alibaki chini. Nilianza kujieleza, akanikata: "Buda, enda. Hii nyumba ina miaka 400, mimi siwezi kuidai lifti. Niletee video safi tu." Na hakuwa ananipa moyo. Alimaanisha. Kutoboa mbao za 1609 ili upitishe lifti ni kuharibu kitu ambacho hakiwezi kupatikana tena, na yeye analijua hilo kuliko wanaomsemea.

Shida iko Nagoya.

Mnara wa Nagoya ulimalizwa 1612, ukaungua katika shambulio la ndege tarehe 14 Mei 1945. Mwaka wa 1959 ukajengwa wa zege, wenye lifti. Mwaka wa 2018 ukafungwa kwa umma kwa sababu haukuaminika ukipigwa na tetemeko kubwa. Mji ukaja na mpango: tubomoe zege, tujenge wa mbao, vipimo vilevile vya zamani. Na si ndoto. Kabla ya vita wataalamu walikuwa wameupima mnara wote, wakachora michoro na kupiga picha kwenye vioo, na hizo kumbukumbu zilipona. Gharama iliyotajwa ni zaidi ya yen bilioni 50. Mpaka hapo niko nao. Kisha wakasema haitakuwa na lifti, kwa sababu ule wa 1612 haukuwa na lifti.

Mashirika ya watu wenye ulemavu yakapinga, na hoja yao haihitaji profesa: jengo la umma lenye lifti linaondolewa, linaletwa jingine la umma lisilo na lifti. Mji ukarudi ukasema utatafuta kifaa kidogo cha kuinua watu, angalau mpaka ghorofa ya kwanza. Mnara una ghorofa tano. Halafu Juni 2023 mji ukaitisha mkutano wa wakazi, na baadhi ya waliohudhuria wakawatolea watu wenye ulemavu maneno ya kibaguzi waziwazi, meya na maofisa wakiwa humo ndani, na hakuna aliyesimamisha. Mji uliomba radhi baadaye. Lakini hebu fikiria umeenda kwenye mkutano na kiti chako, umeomba tu uweze kupanda jengo la kodi yako, halafu ukumbi unakugeukia.

Hapo ndipo ninapoona neno "asili" limetumika kama rungu.

Kwa sababu jamani, huo mnara mpya utakuwa mpya. Mbao zitakatwa sasa. Mafundi watakuwa wa sasa. Hakuna anayependekeza wawashe taa za mafuta, au watoe vifaa vya kuzima moto, au waondoe dirisha la kukatia tiketi. Na ukitaka ukweli kamili wa 1612, basi mimi na wewe hatungeingia kabisa. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa kukaribia. Hata mtawala mwenyewe hakuishi kwenye mnara, aliishi kwenye kasri la chini, na mara nyingi mnara ulikuwa stoo na kitu cha kutishia watu kwa mbali. Kwa hivyo wameshabadilisha kitu kikubwa kuliko vyote, yaani nani anaruhusiwa kuingia, na wamekibadilisha kwa furaha kwa sababu wanauza tiketi. Ikifika zamu ya cuzo wangu, ndio ghafla historia inakuwa takatifu.

Najua upande wa pili, na si wa kupuuzwa. Kujenga kwa mbao kunawapa maseremala kazi ambayo bila miradi kama hii ujuzi wake utakufa. Mji wa Ozu ulijenga mnara wake wa mbao 2004 na ni mzuri ajabu, siku hizi unaweza hata kulala humo usiku mmoja ukiwa na yen milioni moja hivi ya kuchezea. Na kweli ndani ya mbao kuna harufu na mlio wa sakafu ambao zege haliwezi kukupa. Mimi napenda mbao. Nasema tu hivi: seremala anayeweza kuunganisha nguzo bila msumari hawezi kushindwa kupanga nafasi ya lifti kabla hata mti haujakatwa.

Kuna watakaosema nafanya jambo dogo liwe kubwa. Chuo nilichoacha kilikuwa na darasa letu la takwimu ghorofa ya nne, na lifti ilibandikwa karatasi ya "inarekebishwa" semesta mbili nzima. Mwenzetu mmoja alikuwa anakaa chini kwenye benchi, sisi tunamrekodia lekcha kwa simu. Alilipa karo ileile. Lakini pale angalau walijifanya kwamba lifti ni muhimu. Nagoya wamekaa mezani na pesa, michoro na muda, wakaamua kwa makusudi.

Ukitaka kuona inavyoweza kufanywa, nenda Kumamoto. Tetemeko la Aprili 2016 liliivunja ile ngome vibaya sana. Kuna kibanda cha ulinzi kilibaki kikishikiliwa na safu moja ya mawe ya pembeni, picha yake ilizunguka dunia nzima. Ukarabati wote utachukua miongo. Sasa wale wangeweza kufunga geti na kusema rudini tukimaliza. Badala yake 2020 walifungua njia ya juu, kama mita 350, inapita juu ya mawe yaliyoanguka ili watu waone kazi ikiendelea, na kiti cha magurudumu kinapita. Mnara wa zege ulipofunguliwa tena 2021, ulikuwa na lifti. Cuzo alitumia saa mbili kwenye ile njia akiangalia mawe yaliyopangwa chini, kila moja na namba yake, yakingoja kurudishwa mahali pake. Hiyo ndiyo video yetu iliyotazamwa zaidi mwaka huu, na ndani yake hakuna mnara mpaka dakika ya tisa.

Magofu yenyewe sina ugomvi nayo. Takeda, ule mlima wa Hyogo unaoelea juu ya ukungu asubuhi za vuli, una kuta tu tangu ulipoachwa 1600. Kupanda ni jasho na cuzo hakuthubutu. Hakuna aliyemnyima, ni mlima.

Lakini gofu nililolipenda kuliko yote liko katikati ya Tokyo. Moto mkubwa wa 1657 uliuchoma mji wa Edo na mnara wa shogun ukaenda nao. Wakajenga upya msingi wa mawe, tayari kwa mnara mpya. Kisha Hoshina Masayuki, mshauri wa shogun, akasema hapana: pesa ziende kwa mji na watu walioungua, mnara wa kutazamia mbali hauna haraka. Haukujengwa tena mpaka leo. Msingi uko pale kwenye Bustani ya Mashariki ya Kasri la Mfalme, mawe makubwa yaliyokatwa sawasawa, na juu hakuna kitu. Kuna njia ya mteremko ya kupandia. Ni kali kidogo, kwa hivyo nilisukuma na watalii wawili wakasaidia. Kuingia ni bure, hufungwa Jumatatu na Ijumaa, na ukifika asubuhi utakuta wazee wa mtaa wamekaa pale juu wanakunywa chai ya chupa.