Barua ya Mwaliko Haitoshi

Mwezi Aprili 2024 mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili aliingia ofisini akiwa ameshika karatasi kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa mchuzi. Chuo kikuu kimoja cha Ulaya kilikuwa kimemwalika kwa wiki kumi, kuanzia Septemba, akajifunze uhifadhi wa vyanzo vya maji. Nauli, malazi na chakula vilikuwa juu yao. Mwaliko huo aliutolea jasho: alikuwa ameandika insha nzuri mno kuhusu vijito vya Mgeta, alikozaliwa, ambavyo maji yake huishia katika Mto Ruvu na kwenye mabomba ya Dar es Salaam. Nilimpongeza, nikamwonyesha kiti. Hakuketi.

"Mwalimu," aliniuliza, "sasa ninaanzia wapi?"

Nilikuwa na jibu la nusu dakika: katafute pasipoti, omba viza, panda ndege. Jibu hilo lilituchukua miezi kumi na sita.

Ninaandika leo, ndugu msomaji, kwa sababu safari ile ilinionyesha jambo ambalo mimi, baada ya kusafiri mara kadhaa, nilikuwa nimeacha kuliona. Elimu ya kuondoka nchini ni mali ya urithi. Mtoto ambaye mama yake amewahi kuhudhuria mkutano Geneva huipata mezani, wakati wa chakula cha usiku, bila kujua kwamba anafundishwa. Hujua kwamba viza huombwa miezi mitatu kabla, kwamba tiketi hailipiwi kabla ya viza kutoka, kwamba jina lazima lisomeke namna moja katika kila karatasi. Mtoto wa Nyandira huyajua hayo baada ya kuyakosea. Nasi tulio katika taasisi za umma tumeuzoea utaratibu huo kama tunavyouzoea ukungu wa Uluguru asubuhi.

Tulianza na cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa hakuwa nacho. Alizaliwa nyumbani, akabatizwa, akaandikwa katika daftari la parokia, na kwa miaka yote ya shule kadi ya ubatizo ilimtosha. Mpango wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka 5 kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, ulioanza mkoani Mbeya mwaka 2013, ni miongoni mwa mambo mema ambayo serikali yetu imeyafanya bila makelele. Lakini kizazi kilichopo vyuoni leo kilizaliwa kabla yake. Vijana hawa wamefika hadi chuo kikuu huku nchi yao, kwa maana ya karatasi, ikiwa haijathibitisha kwamba walizaliwa.

Cheti kilipopatikana, likazuka la jina. Karani mmoja alikuwa ameliandika jina la babu yake kwa herufi l. Katika cheti cha kidato cha nne lilikuwa na r. Katika kitambulisho cha taifa kulikuwa na l moja na r moja. Sisi tunaoishi huku hatushangai. Masikio yetu yamezoea kuzisamehe herufi hizo mbili, ila mashine za mipakani hazisamehe. Ikabidi aape mbele ya wakili kwamba watu wote watatu ni yeye. Mzazi naye alitakiwa kuthibitisha uraia wake, hivyo mama yake akashuka kutoka milimani, kwa barabara ile inayoteremka hadi Sangasanga, mara ya kwanza bure, kwa sababu alikuwa amekuja na karatasi iliyopungukiwa muhuri. Mara ya pili alama za vidole vyake zilikataa kusomeka. Ni vidole vilivyoshika jembe la mkono kwenye miteremko kwa miaka arobaini, mistari imelika. Alifutwa kwa kitambaa, akapakwa mafuta, akajaribu tena na tena, huku akiniomba radhi mimi, kana kwamba kosa ni la vidole vyake.

Ada ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Siibezi, kitabu chenyewe, kilichozinduliwa Januari 2018, ni kizuri na hudumu miaka 10. Ila tukumbuke kwamba ibara ya 17 ya Katiba yetu inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kurudi, na kwamba haki hiyo, kwa familia inayouza kabichi kwenye gulio, ilianza kwa kuhesabu magunia. Nauli za mama, kiapo cha wakili, picha, fotokopi na siku za kazi zilizopotea vilizidi ada yenyewe.

Kisha tukafika kwenye viza. Wakati huo, tangu Juni 2024, ada ya viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen ilikuwa imepanda kutoka yuro 80 hadi 90, nayo hairudishwi mwombaji anapokataliwa. Tulipeleka mwaliko, barua ya chuo, bima ya afya yenye kinga ya yuro 30,000 kama inavyodaiwa, na taarifa ya benki ya binti mwenyewe, ambayo ilisomeka kama taarifa za benki za wanafunzi wetu wote: fedha za mkopo huingia, na baada ya siku nne huwa zimekwisha.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Agosti. Ni fomu yenye visanduku, na kisanduku kilichotiwa alama kilisema kuna shaka ya msingi kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla ya viza yake kwisha muda.

Niliisoma fomu ile mara nyingi. Kuna nini duniani kinachomfunga mtu nyumbani kuliko kuwa binti wa Kiluguru? Kwa Waluguru ukoo hupita kwa mama. Ardhi ya lukolo hurithiwa kupitia upande huo, na binti ndiye atakayeuendeleza ukoo juu ya ardhi hiyo. Mjomba wake humwangalia kama mlinzi anavyoangalia mbegu. Binti huyu alikuwa na ardhi, ukoo, makaburi, wajomba wanne na bibi mmoja asiyekubali kuondoka duniani kabla hajaona kitukuu. Hakuwa na kipande cha karatasi kinachosema hivyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliweka hati ya hakimiliki ya kimila kwa ajili ya watu kama hawa, lakini familia yake haijawahi kuiona. Kwa hiyo mbele ya afisa wa ubalozi alisimama kijana maskini, hajaolewa, hana kazi, akaunti tupu. Afisa huyo alisoma kilichoandikwa. Siwezi kumlaumu sana kwa kutosoma kisichoandikwa. Ninawalaumu wale ambao kazi yetu ni kuandika, na hapo ninajihesabu wa kwanza.

Septemba ikapita. Wenyeji wake, kwa uungwana ambao sikuutarajia, walimruhusu kuja na kundi la mwaka uliofuata. Safari hii tulijipanga mapema. Mtendaji wa kijiji aliandika barua kuhusu mashamba ya ukoo, ikatafsiriwa na kuapiwa. Mjomba mkubwa alifungua akaunti na kwa miezi saba akapitisha humo fedha zake za mazao, badala ya kuzificha anakojua mwenyewe. Idara ikaandika tarehe ambayo binti angetakiwa kurudi kuanza kazi ya utafiti. Hatukuongeza uongo hata mmoja. Alikuwa mtu yuleyule, na mwezi Julai 2025 alipewa viza.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi, ingawa mepesi hayo ndiyo yanayowatia watu aibu, nami sioni sababu ya kuyaficha. Tiketi yake ilisema ndege inaondoka saa 02:40. Nilimwomba aisome kwa sauti. "Saa mbili na dakika arobaini usiku," alisema. Nilicheka, si kwa kumdharau. Safari yangu ya kwanza tiketi iliandikwa 03:20, nami nikawatangazia ndugu wote kwamba ninaondoka saa tatu na dakika ishirini usiku. Jirani yetu, mstaafu wa posta, ndiye aliyenivuta pembeni, "Mwanangu, hiyo ni saa tisa usiku. Ukienda saa tatu usiku wa tarehe hiyo, wenzako watakuwa wameshafika na kulala." Hesabu yetu ya saa, inayoanza na jua, ni sahihi kabisa kwa maisha yetu, ila tiketi hufuata hesabu nyingine, na tarehe yake hubadilika usiku wa manane. Mtu wa saa 02:40 ya tarehe 20 huwa uwanjani jioni ya tarehe 19. Ni sentensi moja tu, na sijawahi kuiona katika kitabu chochote cha kiada.

Kuna na mizigo. Mama yake alifunga mapichi na stroberi za Mgeta, unga wa lishe, na ndizi kutoka kwa dada yake wa Kinole. Tangu Desemba 2019, Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingiza matunda mabichi bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa aina tano: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Hivyo ndizi za Kinole zilisafiri, na stroberi tukazila sisi, pale sebuleni, kwa huzuni ya kiasi. Mafuta ya nywele yakaenda kwenye begi kubwa kwa kuwa yalizidi mililita 100. Betri ya kuchajia simu ikarudi kwenye begi la mkononi. Kadi ya homa ya manjano tulikuwa tumeishughulikia mapema, kwa sababu chanjo hiyo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, ingawa tangu Julai 2016 hutambuliwa kwa maisha yote.

Wapo watakaosema kwamba mtu mzima wa chuo kikuu ajitafutie mwenyewe. Nimeisikia hoja hiyo hata katika vikao vyetu. Ninawaomba wanaoitoa watazame ni nani anayelijaza pengo hili. Katika vitongoji vya mji wetu, binti anayetaka kwenda Oman kufanya kazi za ndani hahitaji kuuliza anaanzia wapi. Wakala humfuata nyumbani. Humtafutia pasipoti, vipimo vya afya, viza na tiketi. Humfundisha hata majibu ya kumpa afisa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza kinachowapata wengi mwishoni mwa maandalizi hayo: mwajiri huichukua pasipoti na kukaa nayo. Ni kwa ajili ya mabinti hao kwamba maafisa wetu wa uhamiaji huwahoji kwa ukali vijana wanaosafiri mara ya kwanza, na ukali huo nauelewa. Lakini ni jambo la ajabu kwamba wakala wa mtaani anaijua njia kutoka Morogoro hadi Muscat kuliko chuo kinavyoijua njia kutoka Morogoro hadi maktaba ya chuo rafiki.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1959 Tom Mboya alipowapeleka wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi Marekani, na mwaka uliofuata alipoondoka Wangari Maathai, kupanda ndege kulikuwa kazi ya umma. Fedha zilichangwa, karatasi zilihangaikiwa kwa pamoja, na baadaye mpango huo uliwafikia hata vijana wa Tanganyika. Hapakuwa na aliyetarajia kijana wa shambani azaliwe anajua kujaza fomu za ubalozi.

Sasa tuna vyuo vikuu vinne hapa mjini na pembezoni mwake: Sokoine, Mzumbe, Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu. Ninachokiomba hakihitaji bajeti mpya. Wiki moja katika kila muhula, maafisa wa RITA, NIDA na Uhamiaji wakae kwenye ukumbi mmoja wa chuo, meza kwa meza, ili mwanafunzi atoke meza ya cheti aende ya kitambulisho na kisha ya pasipoti, na herufi zake zirekebishwe siku hiyohiyo, kabla hajapata mwaliko wowote. Meza hizohizo zipande Nyandira na Matombo siku za gulio, ili mama wa mtu asishuke mara mbili kwa ajili ya muhuri. Na watumishi wa umma mnaosoma hapa, ambao ninajua ni wengi, mnafahamu kuliko mimi ni saini ya nani inayokosekana.

Tulimsindikiza kwa treni ya SGR, mama, mjomba, na mimi. Mama hakuwa amewahi kuipanda, na hadi Pugu alikuwa akiishangaa kasi kuliko alivyokuwa akiililia safari. Uwanjani mjomba alimuuliza binti, mbele yetu sote, ndege inaondoka saa ngapi. "Saa nane na dakika arobaini," alijibu, "usiku huu." Alirudi mwezi Oktoba, siku mbili kabla viza yake haijaisha muda. Yuko Mgeta hivi sasa, anapima maji.

Wiki iliyopita amekuja mwingine, kijana wa Kibungo, na barua ya Agosti ijayo. Kabla sijamkaribisha kiti nimemuuliza jina la babu yake limeandikwaje katika cheti cha kidato cha nne.