Otesha Saipresi kwa Mbegu Wewe Mwenyewe



Katika skimu nyingi za nyanda za juu, mti upandwao kwanza mpakani ni saipresi. Ni jambo jema: ni ua, ni kinga ya upepo, tena ni mbao za kesho. Lakini miche hutoka wapi? Mara nyingi hung'olewa chini ya mti mmoja wa jirani, mvua ikiisha kuanza. Maoni yangu ni kwamba yakupasa kuiotesha mwenyewe kwa mbegu.

Sababu ni hii. Mti wa mbao hukaa shambani miaka 25 hadi 30. Mche ukiwa wa ukoo mbaya, utaulisha ardhi yako miaka hiyo yote kisha upate kuni tu. Basi chuma matunda yaliyokomaa kwenye miti kadhaa iliyonyoka, uyaanike mpaka yafunguke. Ama nunua mbegu KEFRI, Muguga.

Kazi yenyewe si ngumu. Chekecha udongo, changanya na mchanga, mwaga mbegu, funika kidogo sana, kisha weka kivuli cha nyasi. Usizidishe maji, maana miche huoza shinani. Ikipata nguvu kidogo, ihamishe mmoja mmoja katika makopo yaliyotobolewa. Panda shambani mvua ndefu zikishika.

Wengine husema saipresi hupenda kinamasi. Huo ni mti mwingine, wa Marekani, uwezao kusimama hata majini. Huu wetu asili yake ni milima ya Mexico na nchi za jirani. Maji yaliyotuama huudhoofisha. Usiupeleke bondeni.

Wala usipande saipresi peke yake. Mwaka 1990 wadudu wadogo wanyonyao utomvu walionekana Kenya, na miti mingi ikakauka. Changanya na grevilia, ili ukipoteza mmoja usipoteze yote.

Najua utajibu kwamba mkopo wa shamba unadai na mahindi hayangoji. Ni kweli. Lakini kitalu chataka pembe ndogo tu ya bustani, na mtoto aweza kukinyunyizia maji kabla ya kwenda shule. Mwonyeshe jinsi ya kukitunza, kwa maana huenda yeye ndiye atakayezipasua mbao hizo.