Neno la Mhariri: Mamlaka ya Mlinzi Yanakoishia

Mlinzi wa kampuni binafsi, ambaye Wakenya wengi humwita soja, si polisi, ijapokuwa sare, rungu na amri anazotoa langoni huwafanya watu wamtii kana kwamba ni polisi. Msingi wa uwezo wake wa kukamata ni ule alionao raia yeyote chini ya kifungu cha 34 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Kenya, kinachomruhusu mtu binafsi kumkamata anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi hawahitaji hati ya kukamatia, au anayeshukiwa kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai.

Kifungu cha 35 ndicho kinachosahauliwa, nacho ndicho kizito zaidi, kwa kuwa kinamtaka aliyekamata amkabidhi mtuhumiwa kwa polisi bila kumchelewesha pasipo sababu. Kwa hiyo chumba cha nyuma cha duka kubwa, ambamo mteja anayeshukiwa kuficha kopo la maziwa ya unga hufungiwa, hupigwa picha na kutakiwa alipe bei ya kopo hilo mara kadhaa ndipo aachiliwe, hakina pa kusimamia kisheria. Kumzuia mtu ili alipe si kumkamata tena. Ni kumfungia isivyo halali, kosa linalotajwa katika Kanuni ya Adhabu, na kofi au rungu juu yake ni shambulio. Udhaifu wa kifungu cha 35 ni kwamba hakitaji idadi ya saa, na pengo hilo linafaa kuzibwa na Bunge.

Kuhusu kupekua mikoba na kuandikisha vitambulisho, Sheria ya Udhibiti wa Usalama wa Kibinafsi ya mwaka 2016 inatoa ruhusa finyu, ambayo lazima isomwe pamoja na ibara ya 31 ya Katiba, inayolinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Daftari la wageni linaloachwa wazi mezani, likiwa na majina na namba za simu za wote waliopita, ni vigumu kulitetea.

Anayefikishwa mahakamani mambo yanapoharibika mara nyingi ni mlinzi mwenyewe, mwenye mshahara mdogo, wala si meneja aliyemwagiza. Kampuni za ulinzi na wanaoziajiri ziandike mipaka hii katika maagizo ya kila lindo, kwa Kiswahili, kabla mlinzi hajakabidhiwa rungu.