Nani Alileta Habari?

Barabara inayoiacha njia kuu ya Moshi na Arusha pale Bomang'ombe na kupanda kuelekea Sanya Juu inaingia Siha, nchi iliyokuwa ya Mangi (chifu) Ngalami. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Ngalami huko Old Moshi, pamoja na Mangi Meli wa Moshi, Molelia wa Kibosho na viongozi wengine wa Wachaga, Wameru na Waarusha. Jumla walikuwa 19. Kosa lao, kwa maneno ya serikali ya kikoloni, lilikuwa njama ya kuasi.

Ukiuliza habari za njama hiyo zilitoka wapi, unafika kwa Marealle, Mangi wa Marangu. Meli aliwapiga Wajerumani mwaka 1892; mwaka uliofuata wakarudi na jeshi kubwa wakamshinda, Marealle akiwa upande wao. Tangu hapo Kapteni Kurt Johannes, ofisa wa Kijerumani, aliusikia mlima Kilimanjaro kwa kiasi kikubwa kupitia sikio la Marealle, na washindani wa Marealle wakageuka maadui wa dola. Kila mangi aliyeanguka alimwongezea nafasi. Baadaye watawala wakamshuku hata yeye, akavuka mpaka kwenda upande wa Waingereza.

Deni la hukumu ile halijaisha. Septemba 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya DNA vimeyaunganisha mafuvu matatu yaliyopelekwa Ujerumani enzi za ukoloni na familia zilizo hai za Kilimanjaro na Meru. Ukoo wa Meli bado unakitafuta kichwa chake.

Vita dhidi ya waasi husimuliwa kama habari za bunduki na mbinu za msituni, ilhali swali zito zaidi ni hilo la Old Moshi: dola inamsikiliza nani, na msemaji huyo anapata nini?

Wanaotetea watoa habari wana hoja ya kweli. Mwasi anayejificha kati ya raia hapatikani kwa mizinga. Nchini Kenya, ofisa wa polisi Ian Henderson aliwageuza wapiganaji wa Mau Mau waliotekwa, akawarudisha msituni kuwasaka wenzao, na Oktoba 1956 Dedan Kimathi akakamatwa. Kijeshi, mbinu ilizaa matunda.

Lakini tazama ilivyokuwa mjini. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, maelfu ya watu wa Nairobi walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia, na ishara ya kichwa ilitosha kumpeleka mtu kizuizini bila kesi. Nani angejua kama aliye ndani ya gunia anamdai jirani yake fedha, au analitamani shamba lake? Na mashamba yalihusika hasa. Mpango wa kuunganisha vipande vya ardhi Ukikuyuni ulitekelezwa wakati wengi wako kizuizini, huku waliosimama na serikali wakiwa na sauti kubwa katika ugawaji. Waliorudi wakakuta mipaka imehama. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 pauni milioni 19.9 kwa mateso waliyopata. Ardhi ilibaki mikononi mwa walioichukua.

Kosa la upande wa pili ni kupewa habari na kuzipuuza. Kabla ya shambulio la Oktoba 2017 huko Mocímboa da Praia, viongozi wa Kiislamu wa Cabo Delgado walikwisha kuitahadharisha serikali ya Msumbiji juu ya kikundi kilichokuwa kikijitenga misikitini. Hatua za maana zilichelewa. Oktoba 2020 vita vilivuka mto Ruvuma na kuingia Tanzania, hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Majeshi ya Rwanda na SADC, Watanzania wakiwemo, yaliingia mwaka 2021 na miji ikakombolewa, lakini kikosi cha SADC kiliondoka 2024 mashambulizi yakiwa bado yanaendelea.

Kibiti nako, mkoani Pwani, wauaji waliwalenga viongozi wa vijiji, yaani watu ambao serikali husikia kupitia kwao. Aprili 2017 polisi wanane waliuawa kwa mpigo. Operesheni iliyofuata ikaacha familia zikiwatafuta ndugu waliopotea, na mwananchi anayewaogopa wauaji na askari kwa pamoja huchagua kunyamaza.

Tanzania haina upungufu wa njia za kupokea taarifa: kuna mabalozi wa nyumba kumi, polisi kata na ulinzi shirikishi. Kinachohitaji kuimarishwa ni uchujaji. Sera ya usalama inapaswa kumlazimu mkuu wa operesheni kuonyesha chanzo cha pili kabla ya kumkamata mtu, na kumfikisha mtuhumiwa mahakamani ndani ya muda wa sheria, hata kama neno ugaidi limetajwa. Hapa Hai na Siha, ambako ndugu wa tumbo moja hushtakiana kwa ajili ya kihamba, yaani shamba la ukoo, ofisa anayeambiwa kwamba fulani anawaficha magaidi aanze kwa kuuliza baraza la ardhi kama mtoa taarifa na mtuhumiwa wana kesi.