Vijana wa Vyuo Hawakunyimwa Akili



Jirani yetu hapa Kiseke, huko Nyakato, kipo chuo cha VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vijana wetu huenda huko na katika vyuo vingine kujifunza ufundi, na kila mwaka twasikia neno moja juu ya wale wa mwaka wa kwanza: "Hawajui kuandika, ni wavivu." Neno hili si la haki, nasi twalipinga.

Mtazameni kijana huyo ufukoni mwa ziwa. Mota ya mtumbwi imekataa kuwaka. Yeye huifungua, akawaambia wavuvi: plagi imelowa mafuta, ndiyo sababu haitoi cheche, tuikaushe, tuisafishe, kisha tujaribu tena. Ametaja kosa, na sababu, na dawa yake, kwa mpango mzuri. Je, huyo hana akili? Lakini mpe karatasi, umwambie aandike taarifa ya kazi ile ile: atakaa kimya, au atanakili maneno ya watu katika simu.

Nani aliyemfunga mkono? Ni sisi wakubwa. Kwanza, lugha. Tangu mwaka 1967 shule nyingi za msingi za serikali zafundisha kwa Kiswahili. Afikapo sekondari, mtoto hugeuziwa Kiingereza ghafula. Pili, mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ulifanywa wa kuchagua herufi tu, hata hesabu, na mashine ikasahihisha. Walimu wengi tuliufuata mtihani, tukaacha insha. Aliyezoezwa kutia weusi katika kiduara atajaza ukurasa kwa nini? Tatu, nyumbani hatuwaombi watoto watuandikie hata barua.

Wengine watasema, "Fundi ni mikono, kalamu ya nini?" Fundi asiyeweza kuandika hesabu ya mbao na bei yake hupoteza kazi, asiyeweza kuandika mapatano hudhulumiwa ujira wake. Wengine watasema, "Kwanza wajue Kiingereza." Sivyo. Asiyeweza kupanga mawazo yake kwa lugha aliyoizoea, hatayapanga kwa lugha ya kuazima.

Basi yatupasa kufanya hivi. Walimu, tumtake kila mwanafunzi ukurasa mmoja kwa juma, kwa Kiswahili, juu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake: nini kiliharibika, alifanya nini, na kwa nini. Kisha auandike tena kwa Kiingereza. Wakiwa wengi, tusahihishe kumi leo na kumi kesho, na wao wasomeane. Nanyi wazazi, waambieni watoto waandike hesabu ya nyumba, na barua kwa mjomba.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Sisi tukaao penye samaki tusingoje akauke, kisha tumlaumu kwa kuvunjika.