Kabla ya kukodisha shamba kwa uwanja wa mazoezi ya gofu, pima nyasi, maji na mkataba

MKULIMA mwenye ekari 10 pembezoni mwa jiji amezoea kufuatwa na madalali wa viwanja. Lakini anaweza pia kufuatwa na mtu mwenye wazo tofauti: hataki kununua, anataka kukodi shamba kwa miaka kadhaa ili aanzishe uwanja wa mazoezi ya gofu. Hapo ni mahali ambapo mchezaji hulipia ndoo ya mipira, akaipiga mmoja mmoja kuelekea uwanjani, kisha akaenda zake. Hakuna mashimo 18 wala klabu yenye wanachama.

Wazo hilo si la kubeza. Gofu ilirejeshwa katika michezo ya Olimpiki mwaka 2016 baada ya kukosekana kwa zaidi ya karne moja, na mwaka 2019 mashindano ya Kenya Open yaliingizwa katika msimu wa mashindano makubwa ya Ulaya. Mchezo huu unaonekana zaidi, na mtu anayeanza kujifunza hawezi kukimbilia klabu yenye ada kubwa. Ataanzia kwenye mazoezi.

Swali la mkulima ni moja: je, biashara hiyo itadumu na kulipa kodi hadi mwisho wa mkataba? Jibu haliko kwenye michoro ya rangi wala jengo la mgahawa. Uwanja wa mazoezi ni shamba la nyasi, na ukisimamiwa vibaya hufa kama shamba lolote. Kwa hiyo mkulima ana uwezo wa kuukagua kuliko anavyodhani.

Ukubwa na mwelekeo

Tuanze na vipimo. Wachezaji wa kulipwa wa kiume huweza kupiga mpira ukafika mita 270 hivi. Tuchukue mfano wa uwanja wenye nafasi 20 za kupigia, kila moja ikiwa na upana wa mita 3. Hizo ni mita 60. Ongeza mita 30 kila upande kwa ajili ya mipira inayopinda, utapata upana wa mita 120. Zidisha kwa urefu wa mita 270, unapata mita za mraba 32,400, ambazo ni kama ekari 8. Ukiongeza maegesho ya magari na eneo la mazoezi ya karibu, ekari 10 zimekwisha.

Anayekuja na mpango wa nafasi 20 kwenye ekari 4 anapaswa kueleza mipira itaishia wapi. Huko Japani, ambako ardhi ya mjini ni ghali mno, viwanja vingi vya mazoezi vimejengwa kwa ghorofa mbili au tatu na kuzungushiwa nyavu ndefu. Inawezekana, lakini nyavu na nguzo zake ni gharama kubwa, nazo lazima zionekane kwenye bajeti tangu mwanzo.

Upande wa kulia unahitaji uangalifu zaidi. Wachezaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpira wa anayejifunza kwa kawaida hupinda kwenda kulia. Kama upande huo kuna nyumba, barabara au shamba la jirani lenye vibarua, pafaa pawe na nafasi kubwa zaidi au wavu. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, lakini ni mgumu na unapigwa kwa kasi kubwa. Unaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Lingine ni jua. Katika ukanda wetu ulio karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni hutoka karibu mashariki kabisa na magharibi kabisa. Uwanja unaowafanya wachezaji watazame magharibi huwapofusha saa 11 jioni, wakati ambao wateja wametoka kazini. Uwanja mzuri hutazama kaskazini au kusini. Shamba lako likiwa refu kutoka mashariki kwenda magharibi, kasoro hiyo haiondolewi kwa fedha.

Hesabu ya mchungaji

Hapa ndipo viwanja vizuri na vibaya vinapotengana. Kila fimbo ya chuma inapopiga mpira uliolala kwenye nyasi, hung'oa kipande cha nyasi pamoja na mizizi. Tuseme uwanja unapata wachezaji 30 kwa siku, na kila mmoja anapiga mipira 40 kutoka kwenye nyasi. Hayo ni mapigo 1,200. Kila kipande kikiwa na ukubwa wa sentimita 10 kwa 10, uwanja unapoteza mita za mraba 12 za nyasi kwa siku.

Tuchukue kwamba nyasi zinahitaji wiki tano kufunga kidonda hicho, yaani siku 35. Mita 12 mara siku 35 ni mita za mraba 420. Ukihesabu na sehemu zinazokanyagwa, eneo la kupigia linapaswa kukaribia mita za mraba 1,000, likigawanywa vipande ili kimoja kitumike na vingine vipumzike. Mwenye eneo la mita za mraba 150 ataimaliza nyasi yote ndani ya wiki mbili, kabla sehemu ya kwanza haijaota tena. Baada ya hapo wateja watapiga mipira kwenye vumbi kiangazi na kwenye tope masika, na wengi hawatarudi.

Mfugaji hahitaji kufundishwa jambo hili. Ni utaratibu ule ule wa kugawa malisho na kuhamisha ng'ombe kabla majani hayajaisha. Ukienda kukagua uwanja ambao mwekezaji anauendesha kwingine, uliza ni kipande kipi kinapumzika leo. Asipokuwa nacho, umepata jibu.

Wachezaji nao wanaweza kusaidia. Anayepiga kila mpira nyuma kidogo ya kidonda kilichotangulia, akaufuata mstari mmoja, huharibu nyasi kidogo kuliko anayetawanya mapigo huku na huko. Msimamizi mzuri huwaelekeza wateja hivyo, na jioni hujaza vidonda mchanga.

Wapo wanaoweka mikeka ya plastiki kila mahali ili kukwepa kazi hii. Mkeka hufaa siku za mvua na unapunguza gharama, lakini una udhaifu wake: mchezaji akigonga chini kabla ya kufikia mpira, fimbo huteleza juu ya mkeka na mpira ukaenda vizuri, akadhani amepiga sawasawa. Kwenye nyasi halisi kosa hilo huonekana papo hapo. Uwanja mzuri huwa na vyote viwili.

Eneo dogo lenye faida kubwa

Mwekezaji mgeni hutumia fedha nyingi kwenye eneo la kupiga mbali kwa sababu ndilo linalopendeza macho. Lakini katika uwanja wa mashimo 18 wenye kiwango cha mapigo 72, kila shimo limepangiwa mapigo mawili ya kusukuma mpira kwenye grini, yaani eneo la nyasi fupi lenye shimo. Hayo ni mapigo 36, nusu ya mchezo mzima. Mazoezi yake hayahitaji ekari nane. Mita za mraba 500 zinaanza kazi.

Kwa mwenye shamba, hii ni dalili muhimu. Uwanja wenye grini ya mazoezi, sehemu ya kupiga mipira mifupi na shimo la mchanga una sababu ya kumfanya mteja akae saa mbili na kurudi wiki ijayo. Usio navyo unategemea watu wanaokuja kujaribu mara moja.

Taa nazo zina uzito. Kwetu giza huingia kati ya saa 12 na saa 1 jioni karibu mwaka mzima. Mfanyakazi anayetoka ofisini saa 11 na kukwama kwenye foleni hana muda wa kucheza. Bila taa, siku tano za wiki hubaki na wateja wachache, na kodi yako inategemea Jumamosi na Jumapili.

Maji: swali la kwanza kiangazi

Milimita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Tukikadiria kwamba nyasi za kiangazi zinahitaji milimita 5 kwa siku, ekari moja inahitaji kama lita 20,000. Ekari 8 ni lita 160,000 kila siku, maji yanayoweza kunywesha ng'ombe wa maziwa 2,000 kwa kiwango cha lita 80 kila mmoja. Hakuna kijiji kitakachokaa kimya kisima kikivutwa namna hiyo.

Mwendeshaji makini hamwagilii uwanja wote. Eneo la kupigia la mita za mraba 1,000 na grini ya mita za mraba 500 zinahitaji lita 7,500 tu kwa siku. Eneo ambako mipira inatua huachiwa mvua, likawa kahawia kiangazi bila madhara. Mpango unaoahidi kijani kibichi kila mahali mwaka mzima ni wa kuogopwa, hasa kama chanzo ni mto mnaotumia wengi.

Aina ya nyasi nayo inasaidia. Ukoka, ule ule unaomsumbua mkulima wa mahindi, huvumilia ukame na kujifunga haraka baada ya kujeruhiwa. Nyanda za juu kuna nyasi za kikuyu, zenye asili ya Afrika Mashariki, ambazo wafugaji wanazijua kama malisho. Mtafiti Glenn Burton wa Tifton, jimbo la Georgia nchini Marekani, alitoa ukoka wa malisho uitwao Coastal mwaka 1943, kisha akatumia ujuzi huo huo kuzalisha ukoka wa grini uitwao Tifgreen mwaka 1956. Nyasi za gofu na majani ya ng'ombe ni ndugu wa tumbo moja.

Nafasi kwa wafanyabiashara wadogo

Ukoka chotara kama Tifgreen hautoi mbegu. Hupandwa kwa vipando. Hivyo kila grini mpya inahitaji mtu wa kuotesha na kuuza vipando, na vidonda vinavyotobolewa kila siku vinahitaji vya kuziba. Robo ekari ya kitalu inaweza kuhudumia pia mahoteli, shule na viwanja vya soka, kwa hiyo usimtegemee mteja mmoja.

Mchanga ni soko lingine. Grini iliyojengwa kwa kiwango kinachofuatwa Marekani huwa na sentimita 30 za mchanga maalumu juu ya sentimita 10 za kokoto. Kwa mita za mraba 500 hiyo ni mita za ujazo 150 za mchanga na 50 za kokoto. Mchanga uwe umechekechwa, usio na chumvi wala udongo wa mfinyanzi. Mwenye lori anayefikisha mchanga wowote tu atarudishwa nao.

Tahadhari kwa wafugaji: majani yanayokatwa uwanjani yanaonekana ni chakula cha bure, lakini uliza kwanza kama yamepuliziwa dawa. Dawa nyingi za nyasi za michezo hazikutengenezwa kwa ajili ya majani yatakayoliwa na mifugo. Vipande vya mipira iliyokatwa na mashine navyo ni hatari.

Yaandikwe kwenye mkataba

Uwanja huu ukishindwa, mwekezaji huondoka na mikeka, taa na nyavu. Mkulima hubaki na udongo, kama bado upo. Ili kusawazisha uwanja, tingatinga hukwangua tabaka la juu, na hilo ndilo lenye rutuba iliyojengeka kwa miaka mingi. Mkataba useme wazi kwamba udongo wa juu utarundikwa pembeni na kurudishwa, usiuzwe wala kutumika kujaza mashimo kwingine. Useme pia nani ataondoa mchanga na kokoto za grini mkataba ukiisha, na fedha za kazi hiyo ziwekwe dhamana mapema.

Kuhusu kodi, usikubali asilimia ya mauzo peke yake. Dai kiwango cha chini kinacholipwa hata kama wateja hawakuja, kisha asilimia iwe nyongeza. Kiwango hicho kisipungue faida unayopata sasa kwenye mboga, maziwa au mahindi ya shamba hilo. Andika na nani atamlipa jirani atakayeumizwa na mpira.

Kwa Tanzania, kumbuka kwamba kubadili matumizi ya ardhi kuna taratibu zake chini ya sheria za ardhi za mwaka 1999 na ile ya mipango miji ya mwaka 2007, na matumizi makubwa ya maji yanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Vibali vitangulie tingatinga.

Pia si lazima shamba zima liingie kwenye biashara moja. Jijini Nairobi, uwanja wa gofu uko katikati ya njia ya mbio za farasi ya Ngong, na ardhi moja inahudumia michezo miwili. Mkulima anaweza kukodisha sehemu tambarare na kubaki na bonde lenye maji kwa kilimo chake.

Mwekezaji akija, mtembeze shambani kabla hamjakaa mezani. Muulize mpira wa kulia utaangukia wapi, nyasi zitapumzika wapi, maji ya Septemba yatatoka wapi na udongo wa juu utalala wapi. Mwenye majibu manne ya uhakika anastahili mazungumzo ya kodi. Asiye nayo, mwache atafute shamba lingine, nawe uandae lako kwa msimu.