Lori Linapokataa Kuwaka

Pamba imepakiwa. Mawingu yametanda. Dereva anapiga stata. Injini inazunguka, lakini haiwaki.

Acha kupiga stata! Betri ikiisha, utakuwa na shida mbili. Injini ikizunguka kwa nguvu, betri na stata ni nzima. Katika lori kuukuu la dizeli, tafuta kwanza dizeli imekwama wapi.

Kwanza, angalia mpini wa kuzimia injini. Je, umerudishwa ndani? Ukiwa nje, dizeli haipiti.

Pili, pima tangi kwa kijiti safi. Mshale wa lori kuukuu hudanganya.

Tatu, toa hewa. Tangi likikauka, hewa huingia katika mabomba. Legeza skrubu ya kutolea hewa juu ya chujio. Piga pampu ya mkono. Povu litatoka. Endelea mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kaza skrubu. Usivute sigara hapo.

Sasa piga stata kwa sekunde 10 tu. Hewa ikirudi, tafuta kiungo kilicholegea. Mimi niliwahi kulala njiani na magunia ya mbegu kwa sababu ya kiungo kimoja tu.

Lori ni mali ya kijiji. Tulitunze.

Bwana Shamba